Jalada la Chuo Kikuu ni la Nani?

Tarehe 17 Machi, 2011, Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, nchini Marekani, kilipokea barua fupi kutoka kwa ofisa wa chama cha Republican cha jimbo hilo. Barua hiyo haikuuliza habari za hesabu za chuo, wala mikataba ya ujenzi, wala mishahara ya wakuu. Ilitaka nakala za barua pepe za mwalimu mmoja, Profesa William Cronon, mtaalamu wa historia, zilizopita katika anuani yake ya kazini tangu tarehe 1 Januari mwaka huo, mradi ziwe zimetaja maneno fulani. Miongoni mwa maneno hayo lilikuwamo jina la chama chenyewe, jina la Gavana Scott Walker, maneno yahusuyo vyama vya wafanyakazi, majadiliano ya pamoja na mikutano ya hadhara, na majina ya viongozi wa vyama vya watumishi na walimu.

Ili uzito wa barua hiyo ueleweke, haina budi kukumbuka hali ya jimbo hilo katika majuma yale. Gavana Walker, aliyeshika madaraka Januari 2011, alikuwa amepeleka bungeni muswada wa kuwanyang'anya watumishi wengi wa umma, walimu wakiwa mstari wa mbele, haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja kupitia vyama vyao. Walichoachiwa ni kujadili mshahara wa msingi tu, tena ndani ya kiwango kilichowekwa na sheria. Makumi ya maelfu ya wananchi walijaa katika jengo la bunge na viwanja vyake mjini Madison kwa majuma kadhaa wakipinga. Tarehe 11 Machi gavana alitia sahihi, na muswada ukawa sheria. Siku nne baadaye Profesa Cronon alitoa katika mtandao makala ya kueleza ni chombo gani hasa kinachowaandalia wabunge wa majimbo miswada ya namna ile, akalitaja baraza liitwalo American Legislative Exchange Council, ambamo wabunge na makampuni huketi meza moja kuandika vielelezo vya sheria. Siku mbili baada ya makala hayo, ndipo barua ilipofika chuoni.

Hapana shaka kwamba barua ile ilikuwa halali. Sheria ya kumbukumbu za umma ya Wisconsin inatamka kuwa mtu yeyote anaweza kuomba kuona karatasi za ofisi ya umma, na tena inakataza ofisi kumnyima mwombaji kwa sababu tu hakutaka kujitambulisha au hakusema anazitakia nini. Chuo kikuu cha jimbo ni ofisi ya umma. Mwalimu wake ni mtumishi wa umma. Barua anayoiandika kazini huhesabiwa kuwa imo katika masjala ya umma, hata kama mwenyewe hajawahi kuona masjala hiyo ilipo.

Swali linalozuka ni hili: je, sheria iliyotungwa ili mwananchi amchungulie mtawala inaweza kugeuzwa ikawa dirisha la mtawala kumchungulia mwalimu? Na ikiwa inaweza, je, dawa yake ni kulifunga dirisha?

Kabla ya kujibu, inafaa kueleza kwa ufupi utaratibu wenyewe, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa. Sheria mashuhuri ya uhuru wa habari ya Marekani, ile aliyoitia sahihi Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai, 1966, inahusu idara za serikali kuu peke yake. Vyuo vikuu vya umma ni mali ya majimbo, na kila jimbo lina sheria yake. Kwa hiyo karatasi ile ile inaweza kuwa wazi Wisconsin, ikafungwa Virginia, na kule Pennsylvania isiombwe kabisa. Chuo cha watu binafsi, kama Harvard, kwa kawaida hakimo katika sheria hizi. Hata haki ya kuomba haifanani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja, iliamua katika shauri la McBurney kwamba jimbo la Virginia lina haki ya kuwafungulia majalada raia wake tu na kuwaacha nje raia wa majimbo mengine.

Wapo wanaodai kwamba chuo kikuu kisiguswe na sheria za namna hii hata kidogo. Wanasema kuwa elimu hustawi mahali penye utulivu, na kwamba mwanachuoni anayejua kuwa kila neno lake litasomwa na adui yake kesho, leo hataandika neno lolote la maana. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na itarejewa. Lakini wanaoitoa husahau kwamba chuo kikuu, mbali na kuwa nyumba ya fikra, ni mwajiri, ni mnunuzi, ni mpangaji wa nafasi adimu za masomo, na ni mtunzaji wa fedha za walipa kodi. Katika kazi hizo hakina utakatifu wowote kuliko idara ya barabara.

Chukua mfano wa Illinois. Mwaka 2009 gazeti la Chicago Tribune liliomba, kwa kutumia sheria ya jimbo, karatasi za Chuo Kikuu cha Illinois zihusuzo upokeaji wa wanafunzi. Karatasi hizo zilipotoka, ilidhihirika kwamba chuo kilikuwa na orodha ya pembeni. Waliomo katika orodha hiyo walikuwa vijana waliobebwa na wabunge, wajumbe wa baraza la wadhamini na wakubwa wengine, na kwa muda wa miaka mitano walifikia kiasi cha 800. Kwa wastani walikuwa na alama za chini kuliko wenzao, lakini asilimia 77 yao walipokelewa, hali waombaji wote kwa jumla walipokelewa kwa asilimia 69. Orodha ilikuwa hata na jina lake la kiofisi, "Kundi la Kwanza", kana kwamba upendeleo ukishapewa namba ya jalada hugeuka kuwa utaratibu.

Gavana wa Illinois aliunda tume chini ya uenyekiti wa Abner Mikva, aliyekuwa jaji. Kabla mwaka haujaisha wajumbe wengi wa baraza la wadhamini walikuwa wamejiuzulu, rais wa chuo ametangaza kuondoka, na mkuu wa kampasi ya Urbana-Champaign naye ameacha kazi. Mtoto wa mkulima aliyenyimwa nafasi mwaka 2007 hakurudishiwa nafasi yake, hilo ni kweli. Lakini bila maombi yale ya karatasi, asingejua kamwe kwamba kiti chake kilikaliwa na mtoto wa mwenye jina.

Mfano mwingine unatoka California. Mwezi Novemba 2011 askari wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis, waliwapulizia dawa ya pilipili wanafunzi waliokuwa wameketi chini kwa amani wakipinga hali ya mambo. Picha zilienea dunia nzima. Zaidi ya miaka minne baadaye, Aprili 2016, gazeti la Sacramento Bee lilipata kwa njia ya maombi ya nyaraka mikataba iliyoonyesha kwamba chuo kilikuwa kimetenga si chini ya dola 175,000 kuwalipa wataalamu wa kulisafisha jina la chuo na la mkuu wake, ili mtu anayetafuta habari katika mtandao asikutane na zile picha. Mkuu huyo alisimamishwa mwezi huo huo, na Agosti akajiuzulu. Ni vigumu kupata kielelezo kizuri zaidi cha umangimeza wa kisasa: fedha zilizokusudiwa kuelimisha zinatumika kusahaulisha.

Haya ndiyo mambo ambayo sheria za nyaraka ziliumbwa kuyafichua, na hakuna uhuru wa taaluma uliovunjwa kwa kuyafichua. Orodha ya upendeleo haikuwa utafiti. Mkataba wa kusafisha jina haukuwa muhadhara.

Sasa itazamwe Virginia. Michael Mann, mtaalamu wa hali ya hewa, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia kuanzia 1999 hadi 2005, akajulikana kwa utafiti wake juu ya kupanda kwa joto la dunia, utafiti usiowafurahisha wenye visima vya mafuta na machimbo ya makaa. Aprili 2010, mtafiti huyo akiwa amekwisha hama chuo miaka mitano, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Cuccinelli, alikitaka chuo kitoe rundo la karatasi na barua zake, kwa kutumia sheria ya kuzuia udanganyifu wa fedha za umma. Chuo kilikataa. Hakimu wa kwanza aliitupa amri hiyo, na mwezi Machi 2012 Mahakama Kuu ya Virginia ikaamua kwamba sheria ile haimpi Mwanasheria Mkuu uwezo wa kukidai chuo cha jimbo namna hiyo.

Lakini mlango mmoja ulipokuwa unafungwa, mwingine ulikuwa umekwisha bishwa. Januari 2011 shirika la American Tradition Institute, pamoja na mbunge mmoja wa jimbo, waliomba barua zile zile kwa sheria ya uhuru wa habari. Chuo kilitoa kurasa zipatazo 1,800 na kuzuia barua zipatazo 12,000. Shauri lilizunguka mahakamani miaka mitatu. Tarehe 17 Aprili, 2014, Mahakama Kuu ya Virginia ilikipa chuo ushindi, ikakubali kwamba kulazimisha barua za watafiti zitoke kunaweza kudhoofisha utafiti, kuwafukuza walimu wazuri, na kudhuru uhuru wa kubadilishana mawazo. Huko Arizona shirika hilo hilo, likiwa limekwisha badili jina, lilifungua shauri la aina hiyo hiyo, na mwaka 2016 hakimu akaagiza barua za watafiti wa hali ya hewa zitolewe. Hivyo fikra ya mtafiti ina kinga katika jimbo moja na haina katika jingine, ingawa hewa wanayoipima ni moja.

Ikumbukwe kwamba Marekani imewahi kupita katika njia hii kabla ya barua pepe kuzaliwa. Mwaka 1954 Paul Sweezy, mchumi mfuasi wa Karl Marx, alitoa muhadhara katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo akamwita kumhoji alisema nini mbele ya wanafunzi. Sweezy alikataa kujibu, akatiwa hatiani kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Marekani ilimwondolea hatia. Tofauti ya wakati ule na huu ni kwamba wakati ule mtawala alilazimika kumwita mwalimu mbele yake na kumwuliza uso kwa uso. Siku hizi anaweza kukaa kimya akaiomba mashine ya chuo imjibie.

Kwa hiyo pande zote mbili zina mifano, na kila upande hupenda kuisahau ya mwenzake. Wanaotetea uwazi bila mpaka humtaja mkuu aliyeficha mikataba. Wanaotetea kinga bila mpaka humtaja mtafiti aliyesumbuliwa. Kosa la wote ni moja: wanamtazama mwombaji, badala ya kuitazama karatasi.

Sheria ikianza kupima nia ya mwombaji imekwisha kufa. Nani atakayepima nia hiyo kama si ofisa yule yule anayeombwa? Kila ofisa mwenye jambo la kuficha ataona nia mbaya katika kila barua inayomfikia. Mwandishi wa habari ataambiwa ni mchochezi, mzazi ataambiwa ni mgomvi, na mtumishi wa chini aliyeonewa kazini ataambiwa ana kinyongo. Ofisa wa chama aliyeandika barua ya Wisconsin alikuwa na nia iliyo dhahiri kwa kila mwenye macho, lakini kumnyima haki ya kuandika kungekuwa kuwanyima wote. Hata Profesa Cronon mwenyewe hakuilaumu sheria. Alikiomba chama kiyaondoe maombi yake, huku akikiri kuwa uwazi wa serikali ni jambo alilolitetea siku zote.

Linalopasa kupimwa ni asili ya karatasi. Je, ni karatasi ya mamlaka, au ni karatasi ya fikra? Karatasi ya mamlaka ni ile inayogawa kitu cha umma au kumwamulia mtu jambo: fedha, nafasi, kandarasi, cheo, adhabu. Hiyo haina budi kuwa wazi, na mapema, bila kungoja barua ya pili ya kukumbusha. Karatasi ya fikra ni rasimu, ni swali la mtafiti kwa mwenzake, ni wazo ambalo kesho litaachwa kwa kuwa limeonekana si kweli. Utafiti una baraza lake la hukumu, nalo ni uchapishaji: data hutolewa, njia iliyotumika huelezwa, na wengine hujaribu kuurudia. Mwenye shaka na matokeo na adai data, na apewe. Utani alioandikiana mtafiti na mwenzake saa nne za usiku hauthibitishi wala haukanushi kipimo cha joto.

Ipo, hata hivyo, karatasi ya tatu, nayo ndiyo yenye matata. Mwaka 2015 maombi yaliyopelekwa katika vyuo vikuu kadhaa vya umma yalitoa barua kati ya walimu na makampuni. Ilionekana kwamba kampuni ya Monsanto ilikuwa imetoa dola 25,000 kwa ajili ya kazi ya kuelimisha umma iliyokuwa ikifanywa na profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Florida, mtetezi mashuhuri wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba upande wa pili, wa wafanya biashara ya vyakula visivyotiwa kemikali, nao ulikuwa na profesa wake uliyemgharimia utafiti. Walimu wengi walilia kwamba uhuru wa taaluma umeingiliwa. Kilio hicho hakikuwa na msingi. Mwanachuoni akiandikiana na mwanachuoni mwenzake, hiyo ni fikra. Akiandikiana na kampuni inayomgharimia, juu ya namna ya kuueleza umma bidhaa ya kampuni hiyo, hapo pana fedha, na penye fedha mwananchi ana haki ya kujua nani ametoa na ametaka nini. Wala haimaanishi kwamba profesa alidanganya. Maana yake ni kwamba msikilizaji alistahili kujua ni nani aliyelipia kipaza sauti.

Ni dhahiri kwamba kazi ya kuzichambua karatasi hizi si nyepesi, na hapo ndipo umangimeza unapopata maficho. Msomaji aliye mtumishi wa serikali anazijua mbinu zote bila kuambiwa. Ya kwanza ni kuchelewesha mpaka jambo lipoe. Ya pili ni gharama. Mahakama ya Virginia, katika shauri lile lile la Mann, iliruhusu chuo kimtoze mwombaji gharama za kusoma karatasi ili kuamua ipi izuiliwe, maana yake mwombaji anaweza kulipia kalamu inayomfutia mistari. Ya tatu, na iliyo mbaya kuliko zote, ni kuhakikisha kwamba karatasi haipo.

Chuo Kikuu cha Illinois, kile kile cha orodha ya mwaka 2009, kilitoa funzo jingine miaka sita baadaye. Agosti 2014 chuo hicho kiliondoa nafasi kilizokwisha mwahidi Profesa Steven Salaita, baada ya maneno makali aliyoyaandika hadharani juu ya mashambulio ya Israeli huko Gaza. Watu wakaomba barua za wakuu ili waone uamuzi ulifikiwaje na kwa msukumo wa nani. Zilizotolewa zilikuwa na mapengo. Agosti 2015 chuo chenyewe kilikiri kuwa mkuu wa kampasi, Phyllis Wise, na baadhi ya wasaidizi wake, walikuwa wakitumia anuani zao za binafsi kwa shughuli za kazi, na kikachapisha zaidi ya kurasa 1,100 zilizokuwa nje ya masjala. Mkuu huyo alijiuzulu mwezi huo huo. Novemba chuo kilikubali kulipa dola 875,000 kumaliza shauri la Salaita.

Hapa yafaa kutua kidogo. Mwalimu aliyenyang'anywa kazi kwa sababu ya maoni yake ndiye hasa mtu ambaye uhuru wa taaluma uliwekwa kumlinda. Na waliovunja uhuru huo ndio hao hao waliokuwa wakificha barua. Maombi ya nyaraka yaliutumikia uhuru wa taaluma, na siri ikautumikia ubabe. Wale wanachuoni wanaodhani kwamba kinga ya wakuu wao ni kinga yao wenyewe, wausome mfano huu mara mbili.

Pennsylvania inaonyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Jimbo lilipokuwa likitengeneza sheria yake mpya ya haki ya kujua, rais wa Chuo Kikuu cha Penn State, Graham Spanier, alikwenda bungeni mwaka 2007 kuomba chuo chake kisiingizwe. Alisikilizwa. Sheria ya mwaka 2008 ilikiacha nje kwa sehemu kubwa, pamoja na vyuo vingine vitatu vinavyopata ruzuku ya jimbo. Novemba 2011 ikafichuka kwamba aliyekuwa msaidizi wa kocha wa kandanda ya Kimarekani chuoni hapo, Jerry Sandusky, alikuwa amewadhalilisha watoto kwa miaka mingi, na kwamba wakuu wa chuo walikuwa wamepata kuambiwa jambo hilo. Mwaka 2012 Sandusky alipatikana na hatia ya makosa 45, na mwaka 2017 Spanier naye alipatikana na hatia ya kuhatarisha usalama wa mtoto. Hakuna awezaye kuapa kwamba sheria ya nyaraka ingewaokoa watoto wale. Lakini ofisi inayojua kwamba jalada lake litafunguliwa siku moja huandika kwa uangalifu, na pengine hutenda kwa uangalifu.

Mambo haya si ya Marekani peke yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016, na Kenya ikatunga yake mwaka huo huo. Zote mbili zinawapa haki raia, kama Virginia, na zote zimeweka muda wa kujibu: siku 30 Tanzania, siku 21 Kenya. Vyuo vikuu vya umma vimo, kwa kuwa ni taasisi za umma. Mwalimu na mtumishi wa serikali katika nchi hizi yuko pande mbili za meza kwa wakati mmoja. Leo ni mwombaji anayetaka kujua kwa nini mwanawe au yeye mwenyewe hakupata nafasi. Kesho ni ofisa ambaye barua imewekwa mezani pake na saa imeanza kuhesabu. Akiwa mwombaji hukasirika kwa jibu la "jambo linashughulikiwa", na akiwa ofisa huliandika jibu hilo hilo bila mkono kutetemeka. Kabla ya mashauri makubwa kuzuka, vyuo vina nafasi ya kuamua mapema, kwa maandishi, ni majalada gani yafunguliwe siku ile ile, na ni rasimu zipi ziachwe mikononi mwa watafiti.

Wisconsin ilifanya uamuzi wa namna hiyo chini ya shinikizo. Sheria ya jimbo hilo inaitaka ofisi ipime katika mizani faida ya umma kwa kufungua dhidi ya faida ya umma kwa kufunga. Tarehe 1 Aprili, 2011, majuma mawili tu baada ya barua kufika, chuo kilijibu. Mkuu wake, Biddy Martin, alieleza wazi kilichotolewa na kilichobakizwa: zilibakizwa barua zihusuzo wanafunzi, ambazo sheria ya serikali kuu inazilinda, barua za binafsi, na mazungumzo ya kitaaluma baina ya wanachuoni. Nyingine zote zilikabidhiwa. Chuo kilisema kuwa kimezipitia na hakikuona mahali ambapo Cronon alitumia anuani ya jimbo kwa kampeni za kisiasa. Chama kilipata karatasi zake, na kashfa haikupatikana.

Lakini hadithi ya Wisconsin haikuishia hapo. Februari 2015 bajeti ya Gavana Walker ilitoka ikiwa imefuta katika sheria ya chuo kikuu maneno yasemayo kwamba kazi ya chuo ni kutafuta ukweli, na mahali pake yakawekwa maneno juu ya kutosheleza mahitaji ya jimbo ya nguvu kazi. Kelele zilipozuka, gavana alisema kuwa hilo lilikuwa kosa la uandishi. Waandishi wa habari na wananchi wakaomba karatasi. Karatasi zilizotoka zilionyesha kwamba viongozi wa chuo walikuwa wameyapinga mabadiliko hayo kabla ya bajeti kutangazwa, na kwamba maneno yalifutwa kwa maelekezo. Karatasi nyingine gavana alizizuia, akidai kuwa ni za majadiliano ya ndani ya ofisi, na shauri likafunguliwa.

Tarehe 2 Julai, 2015, kamati ya fedha ya bunge, ambayo wengi wake walikuwa wa chama kile kile kilichoomba barua za Cronon, ilichomeka katika bajeti kifungu cha kuzitoa karatasi za majadiliano ya wabunge na za ofisi ya gavana nje ya sheria ya kumbukumbu za umma. Magazeti ya mrengo wa kushoto na ya mrengo wa kulia yalipiga kelele kwa sauti moja. Siku mbili baadaye, tarehe 4 Julai, miaka 49 kamili tangu Johnson alipotia sahihi sheria yake, gavana na viongozi wa bunge walitangaza kwamba kifungu hicho kitaondolewa. Mwezi Mei mwaka uliofuata, hakimu aliamuru gavana azitoe karatasi alizokuwa amezizuia.